Raba ndogo, jipu ya zamani: kwa nini piesi ya dola chache inalaza gari wiki tatu Butembo

Kwa wiki tatu Land Rover ya baba mkubwa ililala ndani ya garaji moja hapa Butembo, magurudumu ya nyuma juu ya mawe. Motere ilikuwa mzima, buati mzima, shasi haina tatizo. Kilichokosekana ni raba moja ya pompu ya freni, ile wafundi wanaita kupeli, ambayo ukubwa wake unakaribia kifuniko cha chupa ya Primus. Muda ule wote viazi na poireau za Masereka zilibakia shambani ao zilishuka kwa pikipiki, gunia moja moja, kila mwenye pikipiki na bei yake.

Ukisema «gari la zamani», wengi wanawaza watu wa Ulaya wanaosafisha gari siku ya yenga ili walipige picha. Kwetu gari la zamani ni lile linalofika mahali Toyota ndogo za leo zinaogopa. Kwenye milima ya Lubero na kwenye njia za kuingia msituni bado tunaona Land Rover za kabla ya Defender, tunaona Land Cruiser za namba 40 ambazo Toyota ilizitengeneza kuanzia 1960 hadi 1984. Jipu mpya ya kazi inauzishwa makumi ya maelfu ya dola. Mkulima ambaye jipu yake imemlisha miaka 20 hawezi kuitupa juu ya raba moja.

Lakini dunia inazidi kuacha gari hizi nyuma. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa Defender ya mwisho tarehe 29 mwezi wa kwanza 2016. Toyota ilitangaza mwaka 2021 kwamba itarudilia kutengeneza baadhi ya piesi za Land Cruiser 40, habari nzuri kwa mwenye pesa na anwani ya posta inayoeleweka. Porsche nayo ilisema 2018 kwamba inachapisha piesi ndogo za gari zake za zamani kwa mashine ya 3D: ungaunga wa chuma unayeyushwa kwa miali ya leza, safu juu ya safu, mpaka piesi inasimama. Moja ya piesi hizo ni kifaa cha ambreyaji cha Porsche 959, gari ambalo lilitoka 292 tu. Ukifikiri vizuri, shida yao na shida ya baba mkubwa ni ile ile: kitu kidogo kimekwisha, aliyekitengeneza ameacha, na bila kile kitu gari lote ni chuma cha kukalia kuku. Tofauti ni kwamba wao wako na leza, sisi tuko na mashini moja ya tour inayongojea umeme.

Tuangalie kwanza njia ambayo piesi inapita. Zamani mtu wa Butembo alikuwa na milango miwili: Goma upande wa kusini, Kasindi upande wa mashariki. Tangu vita vilipopanda hadi Kanyabayonga katikati ya 2024, na M23 ikaingia Goma mwezi wa kwanza 2025, barabara ya taifa namba 2 imekatwa na mstari wa mapigano, na kiwanja cha ndege cha Goma kikafungwa. Imebakia Kasindi. Kutoka hapa hadi Beni ni kilometa 54, kutoka Beni hadi Kasindi ni 80 hivi, kisha Uganda yote mpaka Kampala. Mapatano ya kutia lami kati ya Beni na Kasindi, ambayo kazi zake zilianza mwisho wa 2021, yamesaidia, lakini hofu ya ADF haijatoka njiani. Piesi ya gramu 20 inapita njia ile ile na lori ya tani 20, na ikisimama, inasimama nayo.

Kule Kampala, mtu wetu anaenda mtaa wa Kisekka, unaojulikana kwa piesi, zile mpya na zile zilizotolewa kwa gari zilizokufa. Akikosa, anapiga simu Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ao anangojea mfanyabiashara anayekwenda Dubai apite Sharjah. Kupeli ya baba mkubwa ilipatikana Kampala. Safari yake ililipwa karibu mara tatu ya bei yake yenyewe, na hapo sihesabu simu.

Wengine wananiuliza: si tuliingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, mbona ushuru haupungui? Hapa tusichanganye mambo. Masharti mepesi ya Jumuiya yanahusu vitu vilivyotengenezwa ndani ya nchi memba. Kupeli iliyotoka India ao China, ikanunuliwa Kampala, haikuwa bidhaa ya Uganda hata siku moja. Imepita tu pale, kama abiria aliyeshuka kunywa chai.

Kuna jambo lingine ambalo wanunuzi wapya wanalijua wakishatoa makuta. Uganda na Kenya wanapita upande wa kushoto wa barabara, volan yao iko kuume. Sisi, kwa urithi wa Wabelgiji, tunapita kuume na volan iko kushoto, hata kama huku mashariki magari ya volan ya kuume ni mengi. Basi piesi fulani za Kampala zinafanana na zetu kama mapacha lakini hazikubali: buati ya volan, vyuma vinavyoshika pedali. Hata kioo cha taa. Taa iliyotengenezwa kwa wanaopita kushoto inarusha mwangaza zaidi upande wa kushoto, maana kwao pale ni pembeni ya barabara. Ukiifunga kwenye jipu yetu inapita usiku ikichoma macho ya kila shofa anayekuja mbele. Ukubwa sawa, bulo sawa, na bado ni piesi mbaya.

Sasa tuingie garaji, kwa sababu hapo ndipo kuna mengi.

Land Rover ya baba mkubwa inaitwa 109. Namba ile siyo ya mapambo. Ni urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa inchi, sawa na sentimeta 277 hivi. Jipu imezaliwa kwa inchi, na sisi tunaitengeneza kwa milimita. Chukua bulo ndogo ya inchi 5/16. Unene wake ni milimita 7.94. Bulo ya milimita 8 inayouzishwa kila duka la vyuma hapa mjini inaipita kwa sehemu 6 za mia moja za milimita. Jicho haliwezi kuona. Lakini meno hayaendi sawa: ile ya jipu iko na meno 24 ndani ya inchi moja, ile ya duka iko na 20 hivi. Ukichukua ekru ya duka ukaiweka kwa bulo ya jipu, mzunguko wa kwanza inaingia, wa pili inaingia, wa tatu inagoma. Fundi mwenye haraka anaongeza nguvu, na siku hiyo hiyo ameharibu meno ambayo yalikaa miaka 40 bila shida. Gari nyingi tunasema «zimezeeka», kumbe zimeumizwa na ekru.

Kwa kupeli ni vile vile. Pompu ya inchi moja iko na tundu ya milimita 25.4. Kijana akileta kupeli ya milimita 25, inaingia bila kulalamika. Kisha mafuta ya freni yanapita pembeni, polepole. Mara nyingi kipimo kimeandikwa juu ya mwili wa pompu yenyewe, 3/4, 7/8 ao 1, chini ya uchafu. Kusugua tu kwa brashi ya chuma. Nimeona watu wakibishana nusu siku juu ya ukubwa wa piesi wakati jibu liko chini ya vidole vyao.

Na hii ndiyo habari nzuri ambayo ningependa kila mwenye jipu aisikie: piesi nyingi zinazoitwa «hazipo tena» zipo, ila zimebadilisha jina. Beringi, ambayo sisi tunasema rulma, iko na namba iliyochapishwa pembeni, na namba ile haijali ni gari gani. 6205 ni 6205 duniani kote: tundu milimita 25, nje 52, unene 15. Hata hesabu yake ni rahisi, kuanzia 04 kwenda juu unachukua namba mbili za mwisho unazidisha kwa 5. Kwa hiyo rulma ya alternata ya jipu unaweza kuikuta kwa mtu anayeuza piesi za mashini ya kusagia mihogo, mita 200 kutoka garaji, na wala hajui kwamba yeye anauza piesi za gari. Sili ya mafuta nayo mara nyingi imeandikwa namba tatu, tuseme 45, 62, 8: ndani, nje, unene. Mwenye kutuma mtu Kampala aseme «sili ya Land Rover ya zamani» atangojea. Mwenye kutuma namba hizo tatu atapata jioni ile ile, pengine hapa hapa.

Kisha kuna zile ambazo kweli hazipo. Hapo tunaenda kwa fundi wa tour.

Yule ninayemjua amefanya kazi ile tangu wakati wa Zaire. Mashini yake ni nzito kuliko jipu anazotengeneza, na wakati umeme haupo anawasha grupu, na ukisikia grupu ujue bei imepanda. Bushi ya pedali ya baba mkubwa, maana na ile ilikuwa imekwisha, aliichonga kwa saa moja na nusu. Alipima mti wa chuma kwa pied à coulisse sehemu tatu, si moja, kwa sababu chuma cha zamani hakiliki sawasawa. Akaniambia kwamba bushi ikikaza sana mguu utachoka, ikilegea sana itakula mti, na katikati ya hayo mawili kuna nafasi ndogo kuliko unywele. Bushi ile sasa ni bora kuliko ya kiwanda, nasema hivyo bila kumpamba.

Wengine wanayeyusha. Piston za zamani za aluminiamu zinaingia motoni pamoja na sufuria zilizotoboka, na kutoka mchangani kunatoka kifuniko cha pompu ya maji, mkono wa mlango, kishikio cha taa. Wanachukua piesi iliyovunjika, wanaibandika kwa gundi, wanaikandamiza kwenye mchanga mbichi, wanamwaga. Kosa la wanaoanza ni kusahau kwamba aluminiamu inapopoa inajikunja, kama 1.3 kwa mia. Kitu cha milimita 100 kinatoka na 98.7. Kwa mkono wa mlango hakuna anayeona. Kwa kifuniko chenye matundu sita ya bulo, bulo mbili zitaingia na nne zitakataa. Wafundi wenye akili wanaongeza kwanza unene wa kiolezo kwa mastiki, kisha wanatoboa matundu baada ya kumwaga, wakipima kwenye motere yenyewe.

Hapa nafika kwenye jambo linaloniudhi. Bushi nzuri ni ya bronzi, na bronzi ni shaba pamoja na bati. Shaba: Kongo sasa ni ya pili duniani, nyuma ya Chile. Bati: mgodi wa Bisie, kule Walikale, jimbo letu hili hili la Kivu ya Kaskazini, unajulikana ulimwenguni, mpaka uliposimama wiki chache mwezi wa tatu 2025 kwa sababu M23 imefika Walikale, habari ilifika kwenye soko za madini za London. Lakini fundi wetu akitaka kipande cha bronzi cha urefu wa mkono, anatafuta bushi za lori zilizokufa azichonge upya, ao anaagiza kupitia Kasindi. Kasiterite inatoka kama mchanga, inarudi kama bushi, na katikati kila mtu amekula isipokuwa sisi. Kiwanda kidogo cha kuyeyusha bronzi si mambo ya mwezi. Katika miji mingi ya Afrika mafundi wanafanya hivyo nyuma ya nyumba. Kinachokosekana ni bati kidogo kubakia nyumbani.

Lakini tusidanganyane kwamba kila kitu kinaweza kunakiliwa. Wiki ya pili ya kungojea, kijana mmoja wa garaji alijitolea kukata kupeli katika chambre à air ya gurudumu la lori. Alikuwa na nia nzuri, na baba mkubwa, ambaye viazi vyake vilikuwa vinaota, alianza kukubali. Fundi mkubwa wa garaji alikataa. Alisema:

«Baba, ukitaka nikate, nitakata. Lakini mimi sitapanda ndani, na wewe usipandishe mtu.»

Tuelewe sababu yake. Kupeli siyo kifuniko bapa. Iko na mdomo unaofunguka kidogo kama kikombe, na ukikanyaga freni, mafuta yenyewe yanasukuma mdomo ule kwenye ukuta wa pompu. Kadiri unavyokanyaga, ndivyo inavyoziba. Kipande bapa cha chambre à air hakina mdomo. Ukikanyaga kwa nguvu ndipo kinapoachia. Na jipu nyingi za zamani ziko na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Gari za leo zikipoteza njia moja, zinabaki na ya pili. Jipu ya zamani ikiachia, imeachia yote, na kati ya Masereka na Butembo hakuna mahali pa kuomba msamaha.

Kuna na kosa la pili, la kimya zaidi: mafuta. Mafuta ya freni, yale yanayoandikwa DOT 3 ao DOT 4, siyo mafuta ya motere. Shofa akikosa na akaongeza kidogo mafuta ya motere «tufike tu», raba zote zinavimba, za pompu na za kila gurudumu. Freni zinaanza kushika zenyewe, ao pedali inakuwa ngumu kisha inazama. Hapo haitafutwi tena kupeli moja. Zinatafutwa zote, tena kwa njia ile ile ya Kasindi.

Kwa maoni yangu mpaka uko wazi, na wafundi wazee wanaufuata bila kuuandika. Kinachokaa, kinachofunika, kinachoshika kioo ao mlango, bushi za pedali, vishikio: chonga, mwaga, nakili, tena tujivunie. Kinachosimamisha gari na kinachoigeuza: nunua, pima, ngojea. Mashirika ya wenye garaji na uongozi wa mji wangeweza kuandika hayo kwenye karatasi moja na kuibandika kwenye kila garaji. Haitaji msaada wa nje, inahitaji rame moja ya karatasi. Sisemi kodi mpya. Tayari mwenye jipu analipa karatasi za kutosha, na sijaona moja inayouliza habari ya kupeli.

Ngumu zaidi ni suala la nani atachonga kesho. Nilipita katika shule moja ya ufundi ambako wanafunzi wa mekanika wanachora tour vizuri sana ubaoni, sehemu zote na majina yake, na hawajawahi kuigusa. Mtoto wa yule fundi wetu naye hakutaka mashini ya baba yake. Anatengeneza pikipiki. Siwezi kumlaumu: piesi za pikipiki ziko kila kona, mteja anangojea nusu saa, analipa, anakwenda. Kazi ya tour inaleta mteja mmoja mwenye chuma kilichovunjika na hadithi ndefu.

Na kila alichojifunza mzee yule kiko kwenye daftari moja ya shule, yenye jalada la bluu lililochakaa. Kila piesi aliyowahi kunakili imechorwa pale kwa kalamu ya risasi: jina la gari, vipimo, aina ya chuma, na wakati mwingine neno moja la Kinande kama onyo. Kuna bushi za Land Rover, za Land Cruiser, za Bedford ambazo vijana hawajaziona. Kurasa za kwanza mafuta yamezila, namba nyingine hazisomeki tena ila yeye anazikumbuka kichwani.

Siku kupeli ilipofika na jipu ikashuka kutoka kwenye mawe, nilirudi kwake kuchukua bushi ya akiba. Nikamuomba, kwa heshima, kama naweza kupeleka daftari kwenye fotokopi. Alifuta mikono, akaitazama kwanza, akaiweka tena juu ya rafu.

«Kuya siku ya kwanza asubuhi, muwana. Fotokopi apana, itapotea njiani. Utakala hapa, mi nitasoma, we utaandika. Na ulete karatasi zako.»